Rimu za Meneja

Mdogo wangu huu ni mwaka wake wa tisa akiendesha gari la ofisi, na kazini wanamwita Polepole. Jina hilo amelipata kihalali. Akikaribia kona utadhani amebeba trei ya mayai. Mimi ni mtunza stoo wa ofisi hiyohiyo, nagawa karatasi, wino, na kuponi za mafuta. Kazi nilimtafutia mimi, na kabla ya kazi nilimlea mimi, mama alipotutoka. Nayasema mapema ili ujue hasira yangu inatoka wapi.

Mwezi wa tatu meneja wetu alivimba kichwa. Alimwona mwenzake wa kampuni jirani na gari lenye rimu kubwa zinazong'aa, naye akataka la kwetu "lisimame kama gari". Zikatolewa za inchi kumi na nne, zikaja za kumi na saba, pana na nzito, na matairi yake yamepanda juu kuliko yale ya mwanzo. Magurudumu ya zamani yakatupwa stoo kwangu, nikawa nayaruka kila nikifuata karatasi.

Polepole alisema siku ya pili tu. "Bosi, gari limekuwa zito. Nikiliondoa, kama linaburuta gogo. Na breki zinachelewa kulishika."

"Wewe endesha," alijibiwa. "Muonekano niachie mimi."

Akaandika kwenye kitabu cha safari. Wiki iliyofuata akaandika tena. Nani alisoma? Hakuna. Meneja alikuja kukifungua kitabu mwisho wa mwezi wa nne, na maneno yote aliyaruka, akaona namba tu. Safari zilikuwa zilezile za kupeleka vifaa hospitalini, lakini lita zimepanda na kilomita zimepungua. Akamwita Polepole mbele ya ofisi nzima, akamuuliza kwa mdomo mpana mafuta anamuuzia nani. Akampa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo unga umemwagika.

Nikisema damu ilinichemka nitakuwa nimepunguza. Ila ilimchemkia nani? Kuponi nilizitoa mimi, nilizijua lita zilivyoongezeka. Nikamfuata kwenye maegesho, nikamvuta pembeni.

"Mdogo wangu, kama umechukua, niambie mimi. Tutajua la kufanya."

Aliziangalia funguo za stoo mkononi mwangu.

"Ijumaa naomba mzani wa stoo, dada," alisema. "Na chaki."

Ijumaa asubuhi tulisimama uani: meneja, mhasibu, mlinzi wa getini na mimi. Polepole aliweka gurudumu la zamani kwenye mzani. Kilo kumi na nne. Akapiga jeki, akafungua moja la sasa, akaliweka. Ishirini na nne.

"Kumi zaidi kila moja. Yako manne."

Meneja akacheka. "Kilo arobaini? Huyo ni mtoto wa shule. Gari linabeba watu watano!"

"Mtoto wa shule anakaa kwenye kiti, bosi. Haya lazima gari liyazungushe. Taa nyekundu nayasimamisha, taa ya kijani naanza kuyazungusha upya, kutwa nzima. Mafuta yanakwenda hapo."

"Na kilomita zimekwenda wapi?"

Polepole akachora mstari wa chaki kwenye tairi la zamani na mwingine sakafuni, akalisukuma mpaka ule wa tairi ukagusa chini tena. Mhasibu akapima: sentimita mia moja themanini na nane. La sasa likatoa mia mbili na saba.

"Dashibodi inahesabu mizunguko," alisema Polepole, "na inadhani bado tuna gurudumu dogo. Nikienda kilomita kumi na moja, yenyewe inaandika kumi. Hata mwendo inanidanganya. Nikiona hamsini, niko hamsini na tano."

Mhasibu alibonyeza kikokotoo chake, akabonyeza tena. "Hesabu inakubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa kwa nini hukusema mapema?" aliuliza meneja, uso mkavu.

Hapo nilipasuka. Nilikifungua kitabu cha safari nikamsomea, tarehe kwa tarehe. Hakunitazama. Alisema tu zile za zamani zirudishwe, akaenda zake ofisini. Kumwita mtu mwizi alipaza sauti mpaka mapokezi. Kumsafisha, hata pole hakuitoa. Mpaka leo nikimwona anakunywa chai yake natamani kikombe kimponyoke.

Nilimkuta Polepole amechuchumaa, anakaza nati. "Umemfunga mdomo!" nilimwambia. "Umemkomesha!"

Hakuinua kichwa. "Meneja hanijui, dada. Kwake mimi ni dereva tu, na maneno yake nitayazoea. Wewe ulinilea, na bado uliniuliza."

Nilimsogezea nati zilizobaki. Akahamia gurudumu la pili.

Gari sasa linakwenda vizuri na kazi yake anayo. Lakini akija kuchukua kuponi za mafuta haji peke yake tena. Anakuja na mlinzi wa getini, anamsimamisha mlangoni pa stoo awe shahidi, kisha ananigeukia kwa adabu zake zote.

"Soma kwa sauti, dada. Lita ngapi?"

Nami nasoma.