Urefu ya Kyabu

Séphora iko mutoto ya mutoto yangu Éliane; minyi niko kambo yake. Anasoma mécanique ku Lubumbashi, atakuwa engenieri. Alikuya huku Kamina kwa kilio ya Kyabu, bibi yangu, mama ya Éliane.

Ku masomo balimuambia achague masomo ya pili, ya kusindikiza ile mécanique. Alipashwa kujibu mbele ya kurudia ku Lubumbashi.

Ngandu, mutoto yangu mwanaume, mujomba yake, njo anamulipia masomo. Alisema: "Courant! Ku mines banatafuta bantu ya umeme. Ao unataka kukaanga bitumbula na kuuza ku barabara?"

"Tonton, ninataka kusoma mwili ya muntu. Namna mukono inavuta, namna mugongo inainama mu kazi."

"Mwili? Mashini iko na damu?"

Bantu ya kilio bakacheka. Ngandu akasema: kama ni mwili, yeye halipi tena.

Mutoto hakulia. Alikuya kwangu na metre ya fundi wa nguo.

"Kambo, bibi yako alikuwa murefu namna gani?"

Hesabu sijui. Nilisimama, nikaweka kiganja hapa pa kifua, pahali kichwa ya Kyabu ilikuwa inafika. Mutoto akapima toka chini mpaka ku kiganja yangu, polepole, sawa vile Kyabu iko pale.

Kisha akatupeleka ku pompe ya maji. Ngandu, muntu murefu, akavuta mupini. Maji ikatoka.

"Unaona? Mwepesi!"

"Piga magoti, tonton."

"Na hii pantalon?"

Mama Biuma, jirani yetu, alikuwa anangojea maji. Akalalamika: "Piga magoti, papa mukubwa! Ku Misa unapigaka namna gani?"

Akapiga. Séphora akapima, akamuongezea tofali chini ya magoti mpaka kichwa yake ikafika pa urefu ya mama yake.

"Vuta sasa."

Mupini ilikuwa juu kabisa. Ngandu akanyoosha mikono yote mbili, akaning'inia. Banamuke benye kungojea maji bakacheka, mama Biuma akakaa chini. Kisha kicheko ikaisha. Ngandu alikuwa anavuta tu, jasho inatoka, na bidon haikufika nusu.

"Mama alivutaka hivi?" Ngandu akauliza.

"Siku zote," mama Biuma akasema. "Alikuwa anaruka kwa kushika mupini."

Séphora akasema: "Mwenye kutengeneza hii pompe alijua chuma muzuri sana. Kambo Kyabu, hakumujua."

Ngandu hakusimama. Aliangalia ile mupini. Akasema, bila kugeuka: "Chagua mwili. Nitalipa."

Minyi sikusoma. Niliwaza engenieri ni muntu ya kupima byuma. Huyu alipima bibi yangu mwenye tulizika, na urefu yake yote ilikuwa pale, haikupungua.

Mama Biuma akaweka bidon yake pembeni. Akavua kitambaa ya kichwa, akasimama wima mbele ya mutoto.

"Sasa minyi," akasema. "Pima."