Deheni Katika Gurudumu

Fikirini alijifunza kazi mbili maishani, na zote mbili zilimfia mikononi. Ya kwanza alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akipiga vyombo vya baharini kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba, pwani ya Mikindani, hata vyombo vikapungua. Ya pili aliipata kwenye karakana ya reli, na reli nayo ikang'olewa, chuma na mataruma. Akabaki na kisanduku cha spana na mdomo wa kujisifu. Ndiyo, alijisifu, tusimfiche.

Akafungua banda lake kando ya barabara ya Mtwara. Wenye magari mapya walikwenda kwingine. Wenye makuukuu walikuja kwake, kwa kuwa hakuwa fundi wa kukukodolea macho na kukuambia uagize Dar es Salaam. Beringi ya gurudumu ikilika, mafundi wengine walitaka ununue habu nzima, kitovu chote cha gurudumu. Fikirini aliichomoa beringi peke yake, akaifuta, akaisoma namba iliyochorwa ukingoni, kisha akapanda baiskeli hadi shamba la katani lililokufa. Huko mlinzi, Jumanne, alikuwa na ruhusa ya kuuza vyuma chakavu. Toroli zilizobeba katani zilikuwa za Kiingereza, na magari mengi ya wateja wake yalikuwa ya Kiingereza. Namba zikilingana, Fikirini alisema, beringi haiulizi kama inabeba katani au inabeba mwalimu.

Sasa, mwaka wa sabini na tatu grisi iliadimika Mtwara nzima. Ukiulizia dukani unachekwa. Fikirini akamkumbuka baba yake na deheni: mafuta ya mnyama yaliyochemshwa na kupondwa pamoja na chokaa, ambayo hupakwa chini ya chombo kiteleze majini na wadudu wasitoboe mbao. Akachemsha sufuria nzima, akashindilia deheni kwenye magurudumu ya wateja. Na kujigamba juu: vyombo vya baba yangu vilifika Hijazi kwa deheni hii, gari lishindwe kufika Madimba? Watu wakacheka, wakakubali. Wewe na mimi tungekubali pia, maana ilivutia kusikia na ilikuwa rahisi.

Mmoja wao alikuwa Raheli, nesi mkunga, Mpare aliyeletwa Mtwara na serikali. Alikuwa na kigari cha rangi ya majivu alichokinunua kwa mwalimu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kila wiki alikwenda Madimba, na kutoka Madimba akateremka mpaka Kilambo, ambako wanawake waliovuka Ruvuma wakikimbia vita walikuwa wanajifungua bila mtu wa kuwashika mkono. Hakuna aliyemtuma huko Kilambo. Alikwenda kwa sababu alikuwa na gari.

Miezi miwili baada ya Fikirini kumwekea beringi ya toroli na kuitia deheni, Raheli alirudi. Kigari kilisikika kabla hakijaonekana, kikinguruma upande wa kushoto mbele. Fikirini akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akatoa pini, akafungua nati, akavuta habu. Ndani hakukuta mafuta. Alikuta uji mkavu wa kijivu, na gololi zimeliwa vishimo. Akausaga ule uji kati ya vidole viwili, ukakwaruza.

Hapo ndipo lilipomjia jambo alilolijua tangu utotoni. Chini ya chombo hakuzunguki kitu. Chokaa iliwekwa kwa ajili ya wadudu wa baharini, na ndani ya beringi chokaa ni msasa. Ametia msasa kwenye gurudumu la mwanamke anayesafiri peke yake porini, kisha akamtoza pesa, na shukrani juu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Raheli alikuwa ameketi kwenye benchi, amechoka.

"Kosa langu, fundi," alisema. "Nilikipitisha kwenye maji kule bondeni, mto umejaa. Kuna mtu wa Lindi anakitaka hata kama chuma chakavu. Nitampa. Safari za Kilambo basi."

Fikirini angeitikia tu kwa kichwa, mambo yangekwisha. Kazi mbili zilimfia, na kitu pekee ambacho hakuna aliyewahi kumnyang'anya ni jina lake. Mikindani ni ndogo. Neno likitoka leo, kufika Ijumaa msikiti mzima unalo. Akachukua mafuta ya taa, akaiosha ile beringi isiyo na faida tena ya kuoshwa. La kuvunda halina ubani, aliwaza, na akaendelea kuosha.

"Si maji, mama," alisema mwishowe. "Ni mimi. Deheni niliyokutilia ina chokaa. Ndiyo iliyokula."

Raheli hakupiga kelele. Alimtazama, kisha akaitazama beringi. Fikirini angefurahi zaidi kutukanwa. Akamwomba asiuze gari: alikuwa na beringi nyingine za toroli, namba ileile, na meli ilikuwa imeleta grisi wiki hiyo, amepata makopo mawili. Hatamtoza kitu.

Akafanya kazi kama hajawahi kufanya. Alikwangua uji wote, akaipitishia habu kidole ndani kuhakikisha haijalika. Akaweka kipande cha mti mgumu kwenye ukingo wa nje wa beringi, akagonga huku na huku, pole pole, ikaingia sawa bila gololi kuguswa. Akashindilia grisi kwa kiganja mpaka ikajitokeza upande wa pili. Akafungua na upande wa kulia, akafanya vivyo hivyo. Magurudumu yakazunguka kimya. Aliposhusha jeki moyo ulikuwa mwepesi, na tuseme kweli, alianza kujiona mwungwana.

Raheli akashika mlango wa gari, asiingie.

"Fundi, magari mengine uliyoyatilia ni mangapi?"

Hakuwa amewaza hilo. Akahesabu kimoyomoyo. Manne. La nne lilikuwa lori la Rashidi, linalopeleka watu Kilambo, watu thelathini na mizigo yao. Akasema atawapelekea habari mmoja mmoja, taratibu, atakapopata nafasi ya kuzungumza nao faraghani.

"Mficha uchi hazai," Raheli alisema. "Wanawake nawaambia hivyo kila siku. Chukua jeki yako uingie."

Wakaenda. Fikirini alikaa na kopo la grisi mapajani, akiomba njia nzima wamkute Rashidi peke yake. Hawakumkuta peke yake. Lori lilikuwa limewashwa, limejaa pomoni, akina mama na magunia na kuku juu, na Rashidi mguu mmoja kwenye ngazi. Alipomwona Fikirini akawapigia abiria kelele kwamba huyo ndiye fundi wake, fundi asiye na mfano pwani hii.

Fikirini akasimama mbele ya lori, mahali ambapo wote wangemwona.

"Zima gari, Rashidi," alisema. "Magurudumu haya nimeyaharibu mimi."

Injini ikanyamaza. Watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakimtazama.