Mbegu za Rweya

Nilifika Bweranyange nikiwa bibi harusi, miaka michache baada ya sotoka kumaliza ng'ombe. Mume wangu, mtu wa asili ya pwani, aliuza nguo na chumvi. Jirani yetu alikuwa mjane wa Kinyambo aliyepoteza kundi lake lote.

Kila asubuhi alikwea hadi rweya, ule uwanda wa majani ulio mlimani, juu ya mashamba ya migomba, akiwa na jembe dogo. Nikamfuata.

"Shikamoo, bibi. Unalima nini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Silimi. Nang'oa miiba. Ng'ombe wakirudi, watakula nini?"

Tangu mifugo iishe, vichaka vilikuwa vinaingia kila mahali. Watu walimwona amerukwa na akili. Mimi nilikuwa mpweke, sina mtoto, nikaanza kwenda naye. Alinifundisha Kinyambo na majani kwa pamoja: haya ya kuezekea, haya ya kutandika sakafuni, haya ya ndama.

Mwaka wa pili, mwisho wa kiangazi, wapagazi wa mume wangu walipiga kambi kule. Wakachoma majani kusafisha mahali pa kulala, upepo ukauchukua moto. Kufikia alasiri mteremko wote ulikuwa mweusi.

Kwa aibu nilikaa siku tatu bila kumwendea.

"Mume wangu anasikitika," nilimwambia siku ya nne, nilipokwenda kwake.

"Yeye?"

"Mimi ndiye ninayesikitika, bibi."

Akanisogezea mkeka. "Hata sisi tunachoma," alisema. "Ila tunachoma mapema, chini kungali na unyevu. Moto huu umekula mpaka mizizi."

Mvua iliponyesha, upande wa bondeni ulichipua. Juu palibaki uchi, na cha kwanza kuota kikawa miiba. Basi tukatembea hadi mteremko mmoja upande wa Nyabiyonza, wenye majani ya mashuke mekundu, tukakusanya mbegu. Zina mkia mweusi. Aliweka moja kiganjani mwangu, akaidondoshea maji, nayo ikajisokota kama mdudu.

"Inajichimbia yenyewe," alisema. Nilicheka, naye akacheka, mara ya kwanza kumsikia.

Siku ya kuzimwaga, mume wangu alikuja bila kuitwa, akang'oa miiba mpaka mikono ikatoka damu. Mjane akampa ndizi za kuchoma.

Baadaye kaka wa mjane, aliyekaa Rugera, alimpa dada yake mtamba mmoja, amekonda. Nilidhani atampeleka juu siku ileile. Hakumpeleka. Kwa misimu miwili alimkatia majani ya bondeni na kumbebea kichwani, mpaka majani mapya ya juu yalipoangusha mbegu zake yenyewe.

Kwingineko vichaka vilishinda, mbung'o wakaja, na majirani wengi wakahama. Sisi pia tulihama, kwa ajili ya biashara. Siku tuliyoondoka mtamba yule alikuwa na ndama, na mjane alikuwa juu, ameinama, anang'oa. Nilimwita kwa Kinyambo. Akainua jembe, kisha akaendelea na kazi.