Mpaka Aambiwe Basi

Muuza mitumba yule alijua kuuza. Shati lenye tundu kwapani alilikunja, tundu likalala ndani, na mteja akiligundua nyumbani, shauri yake. Asubuhi hiyo alimpeleka mdogo wake kwa mwokaji wa mikate kumtafutia kazi, naye akamnadi vivyo hivyo.

"Ana nguvu, haibi, hachelewi. Hana neno kabisa."

Neno lilikuwepo. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kigingi, alizaliwa na akili nzito. Ukimpa kazi moja, ataifanya vizuri kuliko wewe. Ukimpa mbili kwa mkupuo, ya pili inampita, na ile ya kwanza haiachi mpaka aambiwe basi. Kazi hii ikiharibika angerudi kufungiwa chumbani kutwa, maana dada yake, huyo muuza mitumba, yuko sokoni na mama yao hana tena miguu ya kumkimbiza.

Mwokaji akamjaribu papo hapo. Mlango wa tanuri ulikuwa wa chuma, usiposhikwa unajifunga wenyewe.

"Shika huu nitoe mikate. Nikiondoka, uachie."

Kigingi akafunga kitambaa mkononi, akashika. Trei ya kwanza haijatua mezani, mteja akaita dukani, mwokaji akaenda. Kigingi hakuachia.

Dada alikuwa kizingitini. Joto likamwagika nje, mikate iliyobaki ikaanza kunywea. Jasho lilimtiririka Kigingi, akauma mdomo. Huko dukani mwokaji alikuwa anacheka na mteja wake.

Dada akipiga kelele, siri imefichuka na kazi imekwenda. Akinyamaza, pengine mwokaji atarudi sasa hivi. Akapiga hesabu zake za sokoni mpaka akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Achia! Basi, achia!"

Mlango ukajibamiza. Mwokaji akaja mbio.

"Huyu vipi? Si nilimwambia aachie?"

"Ulimwambia mambo mawili. Yeye anashika moja."

"Na wewe ukaniambia hana neno!"

"Ningekuambia, ungempokea?"

"Nisingempokea! Ila mkono ungeivia humu, mama yenu ningemwambia nini?"

Bidhaa ikikwama, shusha bei.

"Basi mchukue bure kwanza..."

"Bure ya nini?" Kigingi akadakia, kiganja kimezama kwenye ndoo ya maji. "Dada, ungeniacha niseme mwenyewe. Bosi, nipe kazi moja moja. Nikimaliza nitakuita."

Mwokaji akaitazama mikate iliyoharibika, akasonya.

"Mkono gani unauma?"

"Huu."

"Tumia ule mwingine. Mlango nashika mimi, toa hiyo trei ya mwisho."

Kigingi akaitoa, akaiweka mezani taratibu.

"Bosi! Tayari."

Dada akasogea kumfunga kitambaa mkono ulioungua.

"Wewe nenda sokoni kwako," mwokaji akamwambia. "Mshahara nitapatana naye mwenyewe. Wewe ni mwongo."