Jibu la Nne

Swali lilikuwa hivi: kwa nini wakulima wengi wa Masisi hawapandi miti katika mashamba yao? Jibu la kwanza, hawajui faida ya miti. Jibu la pili, ni wavivu. Jibu la tatu, hawana miche. Msikilizaji achague moja, abonyeze, na akipata, simu itampa hongera na kumfungulia somo linalofuata.

Nililisoma mara ya kwanza nikiwa ofisini Goma, nikacheka. Nikalisoma tena, damu ikaanza kunichemka. Mimi ni mzaliwa wa Nyamitaba, huko huko Masisi. Mama yangu amelima maharage katika vilima vile tangu sijazaliwa, na hana mti hata mmoja anaoweza kuuita wake. Sasa nilitakiwa nimwambie, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba hajui au ni mvivu.

Kazi yenyewe niliipenda, sitadanganya. Nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi nikajiunga na mradi uliotengeneza masomo ya mazingira kwa ajili ya simu. Masomo yalikuwa ya watu wa Masisi na Walikale, na kila somo lilikuwa na picha, maelezo ya sauti, na swali moja mwishoni. Picha zilichorwa na mwenzangu mmoja, baba wa makamo kutoka Walikale, mtu wa kicheko kingi na penseli fupi. Mimi niliandika maneno na kuyasoma. Chumba cha kurekodia hatukuwa nacho, kwa hiyo nilijifunika blanketi zito, mimi na kinasa sauti ndani, ili mvua ya mabati na jogoo wa jirani wasiingie kwenye somo. Nilitoka humo nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

Somo la kwanza lilihusu maji ya mvua, jinsi yanavyobeba udongo kutoka shambani hadi mtoni. La pili lilihusu kuchimba mifereji ya kukata mteremko. La tatu lilihusu kupanda matete kando ya mifereji hiyo, udongo ushikwe na mbuzi wapate kula. Tuliyapakia mjini, na watu wakayapeleka mlimani ndani ya kadi za simu. Huko yalihama kutoka simu hadi simu siku ya soko, pale kwenye kibanda cha kuchajia chenye sola juu ya paa. Simu ikipata mtandao, majibu ya watu yalipanda yenyewe hadi kwenye kompyuta ya ofisi. Nilikuta mifereji mipya Muheto, kwenye shamba la mtu nisiyemjua kabisa. Nilifurahi hadi nikasimamisha pikipiki nikashuka kuitazama.

Kisha likaja somo la nne, la miti, likiwa na swali limeshaandikwa.

Mtu wa mbali atauliza ubaya wake uko wapi, maana mti ni kitu kizuri. Ni kizuri, nani amekataa? Lakini kwetu mti ni ushahidi. Anayepanda mti anasema ardhi hii ni yangu, nitakuwepo ukizaa. Na sehemu kubwa ya vilima vya Nyamitaba ni malisho ya wenye ng'ombe, watu ambao wengi wao hatuwaoni mwaka mzima. Sisi tunakodi kipande kwa msimu. Tunaruhusiwa maharage, mahindi, viazi, vitu vinavyoota na kung'olewa upesi. Mihogo yenyewe mpaka uombe, kwa sababu inakaa ardhini muda mrefu. Mti usiutaje.

Mama yangu aliwahi kujaribu. Nilikuwa nasoma darasa la tatu. Alichukua kokwa la parachichi, akaliotesha nyuma ya jiko, kisha akaupeleka mche kwenye kona ya shamba la kukodi na kuufunika kwa majani ya maharage. Ukafika kwenye goti langu. Siku moja msimamizi wa malisho, ambaye kwetu anaitwa kapita, alipita na fimbo yake, akafunua majani. Hakupiga kelele. Alimwambia Mama aung'oe mwenyewe, na Mama akaung'oa huku mimi nimeshika jembe lake. Msimu uliofuata kipande kile akapewa mtu mwingine. Tulihamia kilima cha mbali zaidi, na Mama hakuzungumzia parachichi tena, wala hakuwahi kulinunua sokoni.

Sasa uniambie huyo mwanamke hajui faida ya miti.

Nikaandika jibu la nne. Sikuomba ruhusa. Niliandika: shamba analolima si lake, na akipanda mti atanyang'anywa. Mwenzangu wa Walikale alisoma begani kwangu, akavuta karatasi na kuchora mwanamke aliyeinama anang'oa mche, na mtoto pembeni na jembe. Sikuwa nimemsimulia. Nilipomwuliza amejuaje, alinijibu kwa habari ya kwao.

“Kwetu Walikale, dada, banasema shoka ya papa yangu njo inamaliza pori,” alisema. “Mbao inapita mu barabara na camion. Papa yangu hana camion.” Lori kwao ni camion.

Mkuu wa mradi alituita siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi, mwenye adabu, aliyevaa shati jeupe hata siku za tope. Aliweka kompyuta yake mbele yangu.

“Dada, hii question iko na majibu tatu. Iyi ya ine inatoka wapi?”

“Inatoka kwetu, chef.”

“Tunafundisha environnement. Hatufundishe mambo ya mashamba ya bantu.”

“Na iyo miti itapandwa wapi, chef? Mu mawingu?”

Mchoraji alikohoa kuficha kicheko. Mkuu hakucheka. Alisema wafadhili wameshaona majibu matatu na kuyakubali, na kwamba jibu la nne litawachokoza wenye malisho. Alisema nilisome somo lilivyo, na mengine tutayazungumza baadaye. Nami nimeishi vya kutosha kuijua hiyo baadaye.

Nilikataa katakata. Nilimwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekilalia hicho kitanda. Nilimwambia sauti ni yangu, na watu wa kwetu wameshaizoea. Wakisikia nimesema jambo wanakwenda kulifanya. Wakipanda miti kwenye ardhi ya kukodi kwa sababu mimi nimesema, wakafukuzwa, nani atawapa kilima kingine? Mradi?

“Basi tutatafuta sauti ingine,” alisema, tena kwa upole. “Weye upumzike nyumbani kwanza. Tutakuita.”

Nilikunja blanketi langu nikaondoka nalo. Lilikuwa langu.

Nilihuzunika, ndiyo. Nilikuwa na hasira pia, na ile hasira ndiyo iliyonifikisha nyumbani, maana barabara ilikuwa tope tupu na pikipiki ilibidi isukumwe zaidi kuliko ilivyonibeba. Mama alinipokea bila maswali. Aliniwekea bugali na sombe, kisamvu chetu, akangoja nishibe, ndipo akasema: “Banakufukuza?”

“Bananiambia nipumzike.”

“Aa. Banakufukuza,” alisema, akaondoa sahani.

Hapo lazima nieleze jinsi akina mama wa kanisani kwetu wanavyosoma masomo haya, kwa sababu ofisini hakuna aliyelijua hilo. Hawasomi mmoja mmoja. Jumapili baada ya ibada wanakaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, simu moja katikati, juu ya kitenge kilichokunjwa. Wanasikiliza somo lote. Swali likija wanajadiliana, na hakuna anayebonyeza mpaka wote wakubaliane, kama wanavyofanya wakiamua siku ya kulimiana mashamba. Mmoja akikataa, wanamngoja, wanabishana naye, wanamcheka, wanamngoja tena. Mama yangu ndiye mshika simu. Kidole chake hakitembei bila idhini ya wengine. Na vikundi vya Muheto na Ngungu vinafanya vivyo hivyo, maana akina mama hawa wanaozeana watoto na kukutana sokoni.

Jumapili moja somo la nne likafika. Niliketi kati yao, nikafunga mdomo. Haikuwa rahisi, mdomo wangu haujazoea. Lakini nilitaka kuwasikia wao.

Sauti ilikuwa ya binti wa mjini, laini, Kiswahili cha redio. Wakatazamana.

“Uyu ni nani?” mama mmoja aliuliza. “Wa kwetu iko wapi?”

“Nyamazeni kwanza,” Mama alisema.

Swali likaulizwa. Jibu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye jibu la pili, lile la uvivu, mama mmoja mnene aliyekuwa ameegemea ukuta alinyanyua viganja vyake juu, awaonyeshe wenzake, na wote wakaangua kicheko. Viganja vile vilikuwa vigumu kama ngozi ya ng'ombe. Simu ikarudia swali lenyewe. Mama akawatazama mmoja mmoja.

“Nifinye wapi?”

Mjane mmoja alisema labda wabonyeze la kwanza tu, wapite, wasikie somo la tano lina nini. Wakamgeukia. “Nawe haujue faida ya miti?” wakamwuliza. Akasema anaijua. Basi wakamwambia atulie.

“Mi siwezi kufinya uongo ku siku ya Mungu,” Mama alisema. “Hii telefone iniulize muzuri.”

Akaizima, akaifunga ndani ya kitenge. Wakaimba wimbo wa kufunga, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata walifanya hivyo hivyo. Muheto wakasimama pale pale, na Ngungu. Vijana walibahatisha wakapata hongera yao, lakini akina mama hawakubahatisha. Mimi sikuwa nimemwambia yeyote neno moja kuhusu jibu la nne, na hilo naweza kuliapia.

Mkuu wa mradi alinipigia simu nikiwa shambani, nimesimama kwenye kile kilima kidogo ambapo mtandao hukubali.

“Dada, uko wapi? Ba groupes ya bamama yote beko bloqué ku somo ya ine. Iko bug, kosa ya mashini?”

“Bug haiko, chef.”

“Sasa ni nini?”

“Banangoja uwaulize muzuri.”

Upande wake nilisikia jenereta. Nilimweleza yote: viganja, kitenge, mjane, siku ya Mungu. Nilidhani atakasirika. Badala yake alisema mradi hauwezi kufungwa na somo lililokwama, na wafadhili wameanza kuuliza. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka jibu la nne lirudi, na picha ya mwanamke anayeng'oa mche irudi. Na safari hii sitalisoma mimi. Litasomwa na mtu aliyelilipia.

“Na bafermier?” aliuliza, akimaanisha wenye malisho.

“Basikilize na bo. Beko na telefone.”

Alikubali, tukarekodi nyumbani kwetu Nyamitaba. Mama alikataa kuingia ndani ya blanketi, akasema yeye si kuku wa kufunikwa. Kwa hiyo jibu la nne lina jogoo ndani yake, na kwa mbali jembe la mtu. Aliusoma mstari ule mmoja polepole. Alipofika kwenye neno atanyang'anywa alikoma kidogo, akamaliza. Sikumrudisha. Mchoraji wa Walikale alinitumia ujumbe baada ya kusikia, maneno mawili tu: “Njo vile,” yaani ndivyo hivyo.

Somo jipya lilifika Jumapili, mvua ikinyunyiza, wakahamia chini ya paa la kanisa. Swali likaulizwa. Majibu matatu yakapita bila mtu kupumua. Kisha sauti ya Mama ikatoka kwenye simu aliyoishika mwenyewe mkononi, na jogoo wetu nyuma yake. Mama mnene alipiga goti lake kofi. Picha ikatokea, na Mama akaitazama kwa muda mrefu: yule mwanamke, ule mche, yule mtoto na jembe. Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na wala sikujali.

“Tumekubaliana?” aliuliza.

“Finya!” wakasema wote.

Akabonyeza. Simu ikalia kengele yake ndogo, ikasema: jibu sahihi, hongera sana. Wakapiga makofi na vigelegele, mjane akacheza. Mama alisubiri wanyamaze. Aliigeuza ile simu, akaangalia mgongo wake, kama mtu anayetafuta kilichofungwa nyuma ya zawadi, kisha akanitazama mimi.

“Sahihi,” alisema. “Sasa shamba iko wapi?”

Jioni ile nilimwandikia mkuu wa mradi. Nilimwambia somo la tano alilokuwa ameniletea aliponirudisha kazini, lile la majiko ya kupunguza kuni, lingoje kidogo. Niliandika jipya. Picha yake ni kokwa la parachichi, na swali lake ni lile lile aliloniuliza Mama. Mahali pa majibu sijaandika kitu. Aliponiuliza jibu sahihi ni lipi, nilimwambia akawaulize wenye malisho, na awaambie tunangoja, simu iko katikati juu ya kitenge, na hatubonyezi.