Fundo la Kokushubira kwenye Nyaya za Gari

Kokushubira hajawahi kupoteza gunia la kahawa. Kila msimu, kabla magunia ya wakulima wa Nyabiyonza hayajachanganywa ghalani, ya kwake huyafunga kwa nyuzi kavu za mgomba, fundo la mizunguko mitatu linalorudi kinyume, alilofundishwa na mama yake. Mwizi anaweza kulifungua. Kulifunga tena ndiko kunakomshinda. Basi alipostaafu unesi akanunua gari dogo lililotumika Japani, kisha akasikia kwamba mafundi huchomoa kifaa kizima wakarudishia kibovu, alifungua boneti akafunga fundo hilo kwenye kila waya ambao mkono wake uliufikia.

Unesi ulikuwa umemfundisha kwamba mgonjwa hudanganya, na ndugu wa mgonjwa hudanganya zaidi. Ujane ukamfundisha kuhusu waliobaki.

Mwezi wa tatu tangu linunuliwe, gari likapata wazimu. Akiwasha indiketa ya kushoto, waipa zinafuta kioo na jua linawaka. Akishusha kioo, redio inazima. Siku lilipomzimikia mlimani Kanoni, mdogo wake Novatus alitoka Songambele kuja kusema lile alilolitafuna tangu gari lifike: kama limemshinda kulitunza, alichukue yeye likabebe abiria. Kokushubira akakubali mbele ya ukoo kwamba kosa likionekana ni lake, funguo ni za Novatus. Alikubali upesi kwa sababu mwenye kosa alishamjua. Wa mwisho kuligusa alikuwa Egbert, fundi umeme wa Omurushaka, aliyebadilisha taa ya mbele.

Wakalipeleka kwake wote wawili, na Novatus akatangaza tangu mlangoni: kosa likiwa la dada yake anachukua funguo, ingawa dada anamtaja fundi. Egbert alitoa shikamoo, akapewa marahaba iliyong'olewa kama jino. Kokushubira akavuta kigoda akakaa usawa wa mikono ya fundi.

Egbert alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, ikataja makosa kumi na saba. Akaeleza kwamba kwenye pikapu za zamani waya ulitoka kwenye betri ukaenda kwenye taa, habari ikaisha. Haya ya siku hizi, taa, vioo na injini huzungumza kupitia kompyuta, na waya mmoja ukiumia wote wanapayuka.

"Wanazungumza nini?"

"Kila mmoja anasema hali yake, mama."

"Na hiyo mashine yako ikisema uongo, nani ataijua? Mmeishi pamoja miaka mingapi?"

Egbert alifungua boneti, akabandua kifuniko cha sanduku la fyuzi, na Kokushubira akasimama.

Ndani kulikuwa na kiota cha panya. Nyaya zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikaonekana, na kitanda chenyewe kilikuwa nyuzi za mgomba, zimechambuliwa laini kama nywele za mtoto mchanga. Katikati yalilala mafundo matatu mazima. Panya alikuwa ameguguna kila upande, fundo likamshinda.

Kokushubira aliyatambua kabla hayajaguswa. Matandiko ya panya alikuwa ameyapeleka mwenyewe.

Egbert aliokota fundo moja, akaligeuza, akatazama mengine yaliyobaki kwenye nyaya, akamtazama Kokushubira. Novatus alikuwa ananyoosha shingo.

"Panya, mzee," Egbert akamwambia Novatus. "Magari haya wanayapenda. Hakuna mwenye kosa." Mafundo akayatia mfuko wa ovaroli.

Novatus alirudi Songambele mikono mitupu. Kufikia saa kumi indiketa ilikuwa imerudi kuwa indiketa, na mafundo yote yaliyobaki yalikuwa yamekatwa bila maneno.

Kokushubira aliendesha bila raha hata chembe. Nia ya mwizi anaielewa. Lakini mtu ambaye yeye alimsingizia, tena anamfichia aibu bila kuombwa, huyo anataka nini? Kabla ya kufika nyumbani alisimama akakagua tairi la akiba. Lipo. Jeki ipo. Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi.

Alhamisi alimtuma mtu wa bodaboda ampelekee Egbert mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote shambani. Aliufunga shingoni kwa fundo lile lile, wa bodaboda asije akaubadilisha njiani. Egbert angelitambua.