Kompaila Mpya na Gauni la Hela

Mume wangu Lamjed amenichafulia jina hapa Sfax kwamba nina mkono mzito, yaani nachelewesha kazi, na kosa lilikuwa lake.

Mashine yangu ya kutarizi hupokea michoro kutoka kompyuta yake. Kompyuta za wenzake huletewa programu zilizokwisha kuiva. Yake hupika kila kitu yenyewe kutoka maandishi mabichi ya programu, na chungu chenyewe kinaitwa kompaila. Mwaka mzima alikataa kukibadilisha. Akakibadilisha Alhamisi, gauni la harusi la mteja wangu Hela likiwa limetariziwa bega moja tu.

"Kwa nini leo?"

"Leo nina nafasi."

"Harusi kesho kutwa, wewe!"

"Tulia, mke wangu. Inapika upya programu zote kwa chungu kipya. Asubuhi utaikuta tayari."

Asubuhi kompyuta ilikuwa inanguruma kama kinu, paka amelala juu yake akiota joto.

"Inapika nini sasa?"

"Mchezo wa karata."

"Nani anacheza karata humu?"

"Hakuna. Lakini kila kitu kwa zamu yake."

"Na ile ya kutuma michoro yangu?"

"Inafuata. Baada ya programu ya saa ya ukutani."

Mara mama yake Hela akabisha hodi. Lamjed akamlaki bila haya: "Bi Radhia, utamsamehe mke wangu, siku hizi mkono wake mzito."

Bega la pili nililitarizi kwa sindano ya mkono. Gauni lilisifiwa, lakini nguo za mdogo wake Hela zimepelekwa kwa fundi jirani, eti mimi nachelewesha.

Lamjed bado ana deni kwangu: aende kwa Bi Radhia, aseme ni yeye aliyenichelewesha.